Mashine Iliyomkana Mwenyewe

Chuoni wanafunzi walimbandika jina la Mama Nywila, nalo likamkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Alikuwa mtunza kompyuta za chuo cha uuguzi, na kila muhula ulipofunguliwa foleni ilijipanga mbele ya chumba chake: huyu kasahau nywila, yule kaikosea mpaka akafungiwa nje, mwingine anaapa kwa jina la mama yake kwamba hajawahi kupewa nywila tangu azaliwe. Hakumgombeza mtu. Alimvutia kila mmoja kiti, akaegemeza kidevu kiganjani, akasema, "Haya, keti. Fanya kama ambavyo ungefanya mimi nisingekuwapo." Wengi walifanikiwa palepale, wakaondoka wakijicheka.

Hakuanza na kompyuta. Aliingia chuoni akiwa mpiga chapa, na mashine za chapa zilipoondolewa, wenzake walisaga meno. Yeye akahamia chumba cha jirani, kwa fundi mmoja mzee mwenye kikohozi na mzaha usioisha, akamwomba amfundishe. Mzee hakumfundisha kwa vitabu. Alimketisha pembeni akamwambia atazame. "Mtu aliyekataliwa mlangoni," alimwambia siku moja, "usimchanganye na aliyekaribishwa, akaingia, akateleza sebuleni. Wote wawili utawakuta wamesimama nje wanalalamika, ila dawa yao si moja." Mzee alipostaafu, funguo za chumba zilibaki kwa mwanafunzi wake.

Nyumbani alikuwa na mume, mpima ardhi, mtu mpole mwenye viatu vyenye vumbi mwaka mzima, na watoto ambao walikwisha kwenda kujitegemea. Mumewe alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, na kuhusu dada huyo alikuwa na utani aliourudia kila bando la intaneti lilipoisha: "Nyumba hii ina wifi wa aina mbili. Mmoja ukimnunulia bando, anashika. Mwingine hata umnunulie nini, ananuna."

Wifi huyo wa kununa alikuwa na duka la uchapaji: vibandiko, kadi, vyeti, mihuri. Hakuwa mtu mbaya. Alilijenga duka lile kwa mikono yake, na kwa miaka mingi hakukuwa na mtu wa kumsaidia kubeba hata rimu moja ya karatasi, kwa hiyo alizoea kuamini macho yake kuliko maneno ya mtu. Zamani yeye na Mama Nywila walikuwa chanda na pete. Ni Mama Nywila aliyemwekea mfumo wa Linux kwenye kompyuta ya dukani, kwa kuwa ilikuwa kuukuu na mifumo mingine iliichosha. Akamtengenezea akaunti ya msimamizi, yenye madaraka ya kuongeza printa na kubadili mambo, naye mchoraji wa dukani akatengenezewa akaunti ya kawaida ya kuchorea tu.

Kilichowatenganisha ni siku mama mkwe alipotoka hospitali. Ndugu walijaa sebuleni kumpa pole. Mama Nywila alichelewa, kwa sababu asubuhi hiyo mashine kuu ya chuo ilikufa na mitihani ilikuwa ndani yake. Alipofika mlangoni na kapu la matunda mkononi, akamsikia wifi yake akiwaambia watu, "Kaka yangu hakuoa mke. Alioa kompyuta, tena inayolala kazini." Watu wakacheka. Mama Nywila aliweka kapu chini, akamsalimu mgonjwa, akakaa, akaondoka. Tangu hapo kati ya wawili hao kukabaki "hujambo" na "sijambo", basi.

Kwa hiyo Jumanne moja simu ya mumewe ilipolia wakati wa chai, na sauti ya dada yake ikajaa chumba kizima, Mama Nywila aliendelea kumenya chungwa lake.

"Mwambie mkeo mashine yake imenifungia nje," wifi alisema.

"Mashine ni yako, dada."

"Aliyeiweka ni nani? Mwambie!"

Mpima ardhi alimtazama mkewe, akatazama simu. Maisha yake yote alipima mipaka ya watu, na huu wa nyumbani ulikuwa umemchosha. "Yuko hapa mbele yangu," alisema, "na ana masikio. Mwambie mwenyewe." Akaiweka simu mezani, katikati ya maganda, akanyanyuka kwenda kunawa.

Kisha simu ikasema, kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo, "Wifi."

"Abee, wifi."

"Sina hali. Kuna mwenye asali anataka vibandiko vya chupa, printa mpya imefika, na mashine hainiruhusu kuingia niiunganishe. Naweka nywila, inanitema. Naweka, inanitema."

"Inakwambia umekosea?"

"Haisemi kitu. Inanitema tu."

Mama Nywila aliacha kumenya. "Usiiguse tena. Nakuja baada ya kazi."

Duka lilikuwa la vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na kaunta ya kioo, na chini ya kioo kadi za mfano zilizopangwa kwa rangi. Cha nyuma kilinuka wino na gundi. Feni ilizungusha joto lilelile, na karibu na dirisha, pembeni ya mashine ya kukatia karatasi, ndipo kompyuta ilipokaa. Kiti cha mchoraji kilikuwa tupu. Koti lake la kazi lilining'inia kwenye msumari.

"Mchoraji yuko wapi leo?" Mama Nywila aliuliza.

"Nimemrudisha nyumbani," wifi alisema, akivuta miwani puani. "Jana. Nani mwingine anaigusa mashine hii? Yeye akiweka yake, inafunguka kama mlango wa sokoni. Mimi mwenye mali nimeachwa nje. Nimemuuliza umebadilisha nini, ananikodolea macho eti hajui. Nikamwambia nenda, utarudi utakapokumbuka."

Mama Nywila alivuta stuli, akaketi kando. "Haya. Fanya kama ambavyo ungefanya mimi nisingekuwapo."

Wifi alichagua jina lake kwenye skrini, akaandika nywila kwa vidole viwili, akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi kwa muda wa kupepesa jicho, kisha majina yakarudi palepale, kana kwamba hakuna aliyebisha hodi.

"Umeona? Imenikana!"

"Sasa andika nywila ya uongo. Yoyote."

"Ya uongo ya nini tena?"

"Nisikilize tu, wifi."

Akaandika upuuzi. Mara hii skrini haikuwa nyeusi. Ilitikisika, na maandishi mekundu yakasema kwamba nywila si sahihi. Wifi alisogeza uso karibu, akayasoma mara ya pili akitikisa midomo.

"Hii ya kwanza haikusema hivyo."

"Haikusema, kwa sababu ya kwanza ni sahihi. Hakuna aliyebadilisha nywila yako. Umefunguliwa mlango vizuri, umeingia, umeanguka ndani."

Wifi alitazama kiti kitupu, akaondoa macho haraka. "Lakini nilijaribu hata jina la mkuu wa mfumo, lile ulilonionyesha zamani. Nalo likakataliwa."

"Hilo ni jambo jingine. Mkuu haruhusiwi kupitia mlango wa picha, huu wa kuchagua majina. Niliuziba mwenyewe siku ile naiweka. Mtu mwenye madaraka yote akikaa anazungukazunguka kwenye madirisha, kosa dogo linakuwa msiba. Yeye anaitwa kwa kazi moja, akimaliza anaondoka. Hapo mashine haikukosea."

Akabonyeza vibonye vitatu kwa pamoja. Picha zote zikatoweka, skrini ikawa nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe ukiuliza jina. Wifi alishtuka kidogo, mkono kifuani.

"Andika jina lako, kisha nywila."

Wifi akaandika jina. Alipofika kwenye nywila alisimama. "Mbona haiandiki?"

"Inaandika. Haionyeshi tu."

"Hata nyota?"

"Hata nyota. Endelea, usiogope."

Akaandika huku akitamka herufi kimoyomoyo, nusu ya kimoyomoyo ikasikika, na Mama Nywila akajifanya anatazama feni. Mashine ikamkubali. Mstari ukabadilika, ukamwita kwa jina lake.

"Kumbe hapa inanijua!"

"Inakujua toka mwanzo."

Mama Nywila alichukua kibodi. Kwanza akatazama kama nafasi ya kuhifadhi mafaili imejaa, kwa sababu mashine iliyojaa pomoni huwatema watu hivyohivyo. Nafasi ilikuwepo ya kutosha. Kisha akaita orodha ya mafaili yote ya wifi yake, pamoja na yale yaliyofichwa, na jina la mwenye kila faili likatokea ubavuni. Jina la wifi, jina la wifi, jina la wifi. Akapitisha kidole taratibu kwenye kioo. Karibu na juu, kidole kikasimama. Mafaili mawili madogo yalikuwa na jina la mkuu wa mfumo.

Aliyafahamu mafaili hayo. La pili ni msaidizi tu; la kwanza ni kibali: kila mtu anapoingia upande wa picha, mashine huandika humo ruhusa ya kufungua madirisha yake. Sasa lilikuwa mali ya mkuu, na wifi hakuweza kuliandika. Mashine ilikuwa inamkaribisha, inashindwa kumwandikia kibali, inamrudisha nje bila maelezo. Mchoraji yeye alikuwa na kibali chake, kwenye akaunti yake, hakijaguswa.

Na kulikuwa na njia chache sana za faili hilo kuhamia kwa mmiliki mwingine. Mama Nywila aliijua iliyo ya kawaida kuliko zote.

"Wifi," alisema bila kugeuka, "hivi karibuni mashine iliwahi kuamka hivi? Nyeusi, maandishi matupu?"

"Iliwahi. Umeme ulipokatika wiki iliyopita. Nilikuwa peke yangu, mchoraji alikuwa kliniki na mtoto. Nikampigia yule muuza karatasi, anajifanya mjuzi wa kompyuta. Akanitajia maneno ya kuandika, nikaandika, picha zikarudi. Nikafanya kazi yangu vizuri tu mpaka jioni, nikazima."

"Na hukuingia tena mpaka printa ilipokuja."

"Ningeingia kufanya nini? Mwenye kuchora ni yeye."

Mama Nywila aliandika mstari mmoja mfupi wa kurudisha mafaili yale mawili kwa mwenyewe, akaita orodha upya, akaona majina yamekaa sawa. Akabonyeza vibonye vyake vitatu, picha zikarudi. "Jaribu."

Wifi akaandika nywila. Skrini ikawa nyeusi, na safari hii ilipowaka, ilileta picha ya maua ya zambarau aliyoiweka mwenyewe zamani, na mafaili yake yote yametapakaa juu yake. Akapiga makofi, akaanza kusema habari ya printa, habari ya mwenye asali, jinsi chupa zilivyo na kiuno na kibandiko kisivyotakiwa kukunjamana.

Mama Nywila alimsikiliza na moyo wake ukivutana. Ingekuwa rahisi kusema ni umeme tu, umeme una mambo. Wifi angefurahi, chai ingewekwa, pengine hata lile la sebuleni lingejifia lenyewe. Tena, kwa haki ya Mungu, sehemu moja ndani yake ilitamani kinyume chake: kulisema kwa sauti kubwa, mbele ya watu, wacheke. Aliziona tamaa zote mbili akazisikitikia. Koti la mchoraji lilikuwa bado msumarini.

"Wifi, kaa kwanza."

Wifi akakaa.

"Maneno ya muuza karatasi yaliamuru madirisha yafunguliwe kwa madaraka ya mkuu. Yakafunguka. Lakini kibali chako kikaandikwa jina la mkuu, kikabaki hivyo. Ndiyo maana ukawa unatemwa. Mchoraji hakugusa kitu. Kwa akaunti yake asingeweza hata kama angetaka."

Feni ilizunguka. Wifi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe, ukitafuta riziki yako. Si kosa la kukufungia mtu jela. Hata chuoni linatokea, na wao wamesomeshwa."

"Nilimwambia maneno mazito yule mtu," wifi alisema. "Nilimwambia mwizi huanza na nywila."

Wifi alichukua simu, akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa vilevile. Akaiweka mezani akaitazama kama mtu aliyekatiwa maji. Kisha, bila kuambiwa na yeyote, akanyanyuka, akalitungua koti msumarini, akalikunja mkononi. "Anakaa nyuma ya kituo cha mafuta. Nyumba siijui, lakini tutauliza. Unanisindikiza au nawe unachelewa?"

"Nakusindikiza."

Walifunga duka wakaenda. Njia ilikuwa ya mchanga mlaini, wakatembea polepole, begi la Mama Nywila likigonga paja lake. Walipovuka mfereji, wifi alisema akiwa anatazama mbele, "Mdomo wangu una miguu yake. Unatangulia, mimi nafuata nyuma nikiokota."

"Najua."

"Siku ile sebuleni, ulisikia."

"Nilisikia, wifi. Na mitihani ilipona. Hukuniuliza."

Wifi alihamishia koti mkono wa pili. "Sikukuuliza. Niliona uchungu wa mama, nikatafuta wa kumpakazia. Nisamehe." Alilisema neno hilo kwa shida, kama mtu anayevua pete iliyobana. Mama Nywila alisema, "Yameisha," na akahisi kweli yameanza kuisha, ingawa si yote, na si siku moja.

Mwenye kibanda cha matunda aliwaonyesha nyumba. Aliyefungua mlango alikuwa mke wa mchoraji, mtoto kiunoni. Alipomwona bosi hakusema karibu mara moja. Alimtazama kwanza, akalitazama koti.

"Umemletea vitu vyake," alisema.

"Nimekuja mimi, mama. Vitu vimenifuata."

Mchoraji alikuwa uani, amepiga magoti, anabadilisha mpira wa bomba linalovuja, mikono imelowa. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, wa kuinama hata mahali ambapo dari ni juu. Akasimama.

"Shikamoo, bosi. Shikamoo, mama."

"Marahaba," walijibu pamoja, na wifi akaendelea palepale, asije akaishiwa nguvu. "Mashine ilinikataa kwa mkono wangu mwenyewe. Fundi ameona. Wewe hukufanya kitu. Nilikusingizia, nikakutukana, nisamehe."

Mchoraji alijifuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nilikuwa nimeanza kujishuku," alisema. "Jana usiku kucha najiuliza, labda niligusa kitu nikasahau. Mtu akikwambia jambo kwa uhakika vile, unaanza kujitafuta mwenyewe."

Maneno hayo yalimchoma wifi kuliko kama angefokewa. Mke akadakia, "Watoto walimuuliza kwa nini baba yuko nyumbani mchana. Akawaambia ni likizo. Hajui kudanganya, wakajua."

"Nimesikia, mama," wifi alisema. "Una haki."

Mtoto alinyoosha mkono akavuta kitufe cha koti. Mchoraji alilipokea, akalitundika mlangoni. "Nitakuja kesho," alisema. "Leo nina bomba. Ila, bosi, safari nyingine nikionekana nimekosa, niulizwe kwanza kabla ya kuhukumiwa."

"Utaulizwa."

Akarudi kwenye bomba lake. Mama Nywila, ambaye alijua mabomba kidogo, alimshikia tochi ya simu mpaka mpira ukaingia, na mke wa mchoraji, akiwa bado hajatabasamu, akaleta viti viwili.

Siku ya Jumamosi Mama Nywila alirudi dukani kuunganisha printa. Mchoraji alikuwa kitini pake. Vibandiko vya majaribio vilitoka vimepinda, wakarekebisha, vikatoka vizuri: nyuki mmoja mnene na maandishi ya dhahabu, na wote watatu wakavibandika kwenye chupa, kwenye kaunta, kimoja kikaishia kwenye begi la Mama Nywila bila yeye kujua. Kisha wifi akakohoa.

"Wifi, nilikuwa nawaza. Umeme ukikatika tena na mimi sipo? Mpe naye madaraka ya msimamizi."

Mama Nywila alimtazama. "Una hakika? Akiwa msimamizi ataweza kubadili chochote. Hata nywila yako."

"Si ndiyo maana nasema apewe."

Masikio ya mchoraji yalibadilika rangi. Mama Nywila akamwonyesha mahali pa kubonyeza, akamweleza madaraka hayo huitwa kwa kazi moja na kuachwa, na kwamba maneno ya muuza karatasi yasiandikwe tena humu ndani hata akija na karatasi za bure. Wakacheka, wifi akacheka zaidi. Mwisho mashine ikamtaka mchoraji achague nywila mpya, iliyo ngumu zaidi ya ile ya zamani.

Akaweka vidole juu ya kibodi, akasita. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, kama alivyozoea kusimama. Wifi akaona anasubiriwa aondoke. Akageuka, akampa kisogo, akaenda mlango wa mbele, akakaa huko akitazama watu wanaopita barabarani mpaka aliposikia kibonye cha mwisho.